Wajomba wa Mwami: Tarehe ya Kabare na Dada Yake Kanjogera

Muumini wa Katindo, mtaa wetu wa Goma, awe wa misa ya alfajiri au wa kanisa la uamsho, anawajua matowashi kwa kusoma Biblia. Katika kitabu cha Esta wamo Bigthana na Tereshi, watumishi wawili wa mfalme Ahasuero waliokula njama ya kumuua bwana wao, wakaishia kutundikwa. Katika Matendo ya Mitume yumo yule Mwethiopia aliyeshika hazina yote ya malkia Kandake, akabatizwa na Filipo kando ya barabara. Hao ndio tunaohubiriwa. Asiyetajwa mimbarani ni mkubwa wao, Bagoas, towashi wa Uajemi anayedaiwa kuwaua wafalme wawili, kuwapandisha wawili kitini, na kufa kwa sumu aliyoiandaa mwenyewe.

Bagoas alikuwa mtu wa Artashasta wa Tatu. Mwaka 343 kabla ya Kristo alikuwa miongoni mwa majemadari walioirudisha Misri chini ya Uajemi. Mwandishi wa Kigiriki Diodorus anasimulia kwamba maandiko yaliyoporwa katika mahekalu ya Wamisri yalirudishwa kwa makuhani kupitia mkono wa Bagoas, kwa malipo makubwa. Baada ya vita ile hakuna jambo lililomfikia mfalme bila kupitia kwake. Mwaka 338 Artashasta akafa, na Diodorus anasema Bagoas ndiye aliyemtilia sumu kwa kumtumia tabibu. Akamtawaza Arses, mwana mdogo wa marehemu, akawaua ndugu zake ili kijana abaki hana wa kumtegemea. Arses alipoanza kuonyesha kwamba atalipa kisasi, aliondolewa pamoja na watoto wake, mwaka 336. Akaletwa Dario wa Tatu, wa tawi la kando la ukoo ule ule. Huyu naye alipogoma kuongozwa, kikombe kikaandaliwa. Dario alikuwa ameshapashwa habari. Alimwita towashi wake kwa ukarimu, kama mtu anayemkaribisha rafiki kinywaji, akampa kikombe kile kile, akasimama pale mpaka kikaisha.

Hivyo ndivyo Wagiriki wanavyosimulia. Kipo kibao cha udongo cha Babeli kinachokitaja kifo cha Artashasta kama kifo cha kawaida, na wako wanahistoria wanaokiamini kibao kuliko Diodorus. Tutaona kwamba hata huku kwetu habari za ikulu zilipitia vinywani mwa watu wenye hamu yao.

Swali ni hili: kwa nini mfalme mwenye majeshi na wana wakubwa ampe towashi funguo zote? Jibu la Waajemi lilikuwa la hesabu. Mfalme anamwogopa ndugu yake, binamu yake, hata mwanawe wa kwanza, kwa sababu wote wanaweza kuvaa taji lake. Towashi hana mtoto wa kumrithisha, hana ukoo wa kumbeba, na hakuna mkuu wa Kiajemi atakayekubali kumsujudia. Kwa hiyo mfalme hulala usingizi akiwa na towashi mlangoni. Ila hesabu hiyo ilimsahau mtu mmoja: asiyeweza kukalia kiti anaweza vizuri sana kuchagua nani akikalie, na akishajua kwamba anaweza, kila anayekikalia huwa mgeni wake.

Sasa tuvuke mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière. Kutoka Katindo ni safari fupi ya pikipiki, lakini katika miaka ninayoisimulia hapakuwa na kizuizi wala mhuri. Palikuwa na mashamba ya migomba, mawe meusi ya Nyiragongo, na hofu ya majeshi ya Mwami wa Rwanda.

Ufalme huo wa Wanyiginya haukuwa na desturi ya kuhasi watumishi wa ikulu. Kisu cha namna hiyo kilitumika kwa maadui waliouawa, na viungo vya wafalme walioshindwa vilitundikwa kwenye Kalinga, ngoma ya ufalme. Lakini walikuwa na njia yao ya kumpata mtu mwenye nguvu zote asiyeweza kutawala. Mwami alikuwa lazima atoke katika ukoo wa Wanyiginya, upande wa baba. Mama yake alitoka katika koo chache zilizoruhusiwa kuzaa wafalme, mbele kabisa Wabega na Wakono. Mwami na mama yake walitawazwa pamoja, na mama mfalme alikuwa na ikulu yake, ng'ombe wake na majeshi yake. Nyuma ya mama walisimama kaka zake, yaani wajomba wa Mwami. Mjomba angeweza kuwa na vilima na mashujaa kuliko mtoto yeyote wa mfalme, lakini kiti kwake kilikuwa haramu, kama kilivyokuwa haramu kwa Bagoas. Uajemi ulitumia kisu, Rwanda ikatumia sheria ya ukoo. Tofauti iliyobaki ni kwamba mjomba alikuwa na watoto.

Nyumba ya Wabega tunayoihitaji ni ile ya Rwakagara. Dada yake, Nyiramongi, alikuwa mama wa Mwami Mutara Rwogera, kwa hiyo familia ilishaonja utamu wa kuwa karibu na ngoma. Rwogera alipokufa, ufalme ulikwenda kwa Kigeli Rwabugiri, ambaye mama yake, Murorunkwere, alikuwa Mkono. Wabega wakarudi nyuma hatua moja, wakasubiri. Miongoni mwa watoto wa Rwakagara walikuwamo Kabare, Ruhinankiko na binti aitwaye Kanjogera. Binti akaolewa na Rwabugiri.

Huyu Rwabugiri wazee wa pande zetu wamelisikia jina lake kwa babu zao, na si kwa wema. Aliteka kisiwa cha Ijwi baada ya vita vya miaka mingi, aliishambulia Bushi mara kwa mara na huko akapigwa vibaya pia, na mashujaa wake walifika hadi milima ya Buhunde. Niseme wazi mapema, maana siku hizi historia hii hutumiwa na kila mtu kwa haja yake: jeshi kupita mahali si kupamiliki, na sehemu nyingi alizopiga zilirudi kwa wenyewe mara tu alipoondoka. Nyumbani kwake alikuwa mkali vile vile. Alivunja nyumba kubwa za watemi, akawanyang'anya ng'ombe, na akainua watu wasio na jina kubwa kama Bisangwa na Mugugu. Alifikiri kama mfalme wa Uajemi. Mtu niliyemtoa chini, asiye na nyumba ya kumbeba, hatanisaliti. Na kweli hawakumsaliti.

Kosa alilifanya penginepo. Mwaka 1889 alimtawaza mwanawe Rutarindwa awe mfalme mwenza, ili siku atakapokufa pasiwe na vita. Mama wa Rutarindwa, mwanamke wa Kikono, alikuwa ameshafariki. Desturi ilimtaka Mwami awe na mama, kwa hiyo mama wa kuteuliwa alihitajika. Rwabugiri akamteua Kanjogera. Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kiume, Musinga, aliyezaliwa miaka michache tu nyuma. Yaani mwanamke aliyepewa kazi ya kulinda kiti cha mtoto wa mke mwenzake alikuwa na mtoto wa kukikalia, na kaka wawili waliojua kuhesabu.

Sijawahi kupata maelezo yanayoniridhisha ya uamuzi huo. Wengine husema alimpenda Kanjogera kupita kiasi. Wengine husema alitaka Wabega na Wakono wafungwe katika kiti kimoja ili wasipigane. Maelezo ya pili yana akili zaidi. Mtawala aliyezivunja nyumba nyingi kiasi kile huanza kuamini kwamba zilizobaki zitamtii hata akiwa kaburini.

Mwaka 1894 akaja mgeni. Gustav Adolf von Götzen, mwanajeshi wa Kijerumani, alikuwa ametoka Pangani akielekea Atlantiki kwa miguu. Mwishoni mwa Mei alionana na Rwabugiri huko Kageyo, na mwezi Juni alikuwa huku kwetu, akapanda Nyiragongo na kuchungulia ndani ya shimo lake la moto. Huyo ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Wajerumani Dar es Salaam wakati wa Maji Maji, na jina lake ndilo lililobandikwa kwenye meli ya Ziwa Tanganyika ambayo leo inaitwa Liemba. Rwabugiri alimpokea, akampa vyakula, akamwacha apite. Hakuna aliyempigia hesabu yoyote, kumbe yeye na wenziwe Ulaya walikuwa wameshapiga zao.

Septemba 1895 Rwabugiri alikuwa kwenye Ziwa Kivu, njiani kuishambulia Bushi tena, alipougua ghafla akafa. Masimulizi ya ikulu yanasema alikata roho akiwa ndani ya mtumbwi. Rutarindwa akabaki Mwami Mibambwe wa Nne, Kanjogera mama yake kwa cheo, na vijana wa Rwabugiri, Bisangwa na Mugugu, wakawa ukuta wake.

Ukuta huo ulibomolewa kwa mwaka mmoja. Jiwe la kwanza liliangushwa na Wabelgiji bila kujua. Mwaka 1896 kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilipiga kambi Shangi, kusini mwa ziwa, na ikulu ikampeleka Bisangwa kukifukuza. Mashujaa walikwenda kwa mikuki na pinde, bunduki zikawafyeka, na Bisangwa akafia pale. Yako masimulizi yanayodokeza kwamba waliomtuma hawakuhuzunika. Baadaye fitina ikamgeukia Mugugu, akauawa. Sasa Rutarindwa alikuwa na cheo bila watu, na mjomba wake wa kuteuliwa, Kabare, alikuwa na watu bila cheo.

Desemba 1896 ikulu ilikuwa imepiga kambi Rucunshu, katikati ya nchi. Hapo ndipo hesabu zilipofungwa.

Mapigano yalianza kati ya watu wa Mwami na watu wa mama yake, na mwanzoni watu wa Mwami walikuwa wanashinda. Masimulizi yanamweka Kanjogera ndani ya nyumba yake, upanga mkononi, tayari kumchoma mwanawe na kujimaliza mwenyewe kuliko kuanguka mikononi mwa Wakono, na kaka yake akimzuia kwa nguvu. Kisha likaja kundi jipya la mashujaa wa Wabega, na vita vikageuka. Rutarindwa akajifungia nyumbani mwake na mkewe, wanawe na waliobaki waaminifu, nyumba ikawaka moto, wakateketea wote. Ndani ya moto ule ilikuwamo ngoma Kalinga.

Kabare akamnyanyua Musinga, kijana wa miaka kama kumi na mitatu, akamwonyesha kwa mashujaa ili wajue mfalme ni nani. Mtu akaguta kwamba Kalinga inaungua. Kabare, kwa jinsi inavyosimuliwa, aliwaambia wasihangaike: Mwami tunaye, ngoma itachongwa nyingine. Fikiria maneno hayo yanatamkwa katika nchi ambayo watu waliuawa kwa kuikosea heshima ngoma ile, na ambayo kulikuwa na koo za Wabiru walioirithi siri yake kutoka kwa baba hadi mtoto. Katika sentensi moja Kabare alionyesha kwamba ndani ya hema la ufalme ameona kila kitu na hakuna kinachomtisha. Bagoas angemwelewa.

Musinga akaitwa Yuhi wa Tano. Kanjogera sasa akawa mama mfalme kwa damu na kwa cheo. Kilichofuata kilikuwa msako. Muhigirwa, mtoto mwingine wa Rwabugiri, aliyekuwa ameegemea upande wa washindi, mwaka 1897 naye alisakwa mpaka akaangamia, kwa sababu mtu mwenye damu ya Kinyiginya aliyesaidia kupindua mara moja anaweza kusaidia mara ya pili. Arses hakuachiwa ndugu, na Musinga naye alipunguziwa wake. Sidhani kwamba Kabare alikuwa amesikia habari za Uajemi. Kazi ile ile hufundisha mbinu zile zile.

Machi 1897 akaingia Kapteni Hans Ramsay wa Ujerumani, akitaka kumwona mfalme wa Rwanda. Ikulu ilikuwa na miezi mitatu tu tangu Rucunshu, damu haijakauka, na walioshindwa walikuwa wanatafuta rafiki mwenye bunduki. Kumwonyesha mtoto ilikuwa hatari: macho ya mgeni yangeweza kumroga, na macho ya mgeni yangeweza pia kuona kwamba huyu ni mtoto. Akatafutwa mtu mzima wa ikulu, jina lake Mpamarugamba, akavikwa shanga na taji la kifalme, akaketishwa. Ramsay akazungumza naye kwa heshima zote, akampa barua ya ulinzi ya Wajerumani na bendera, akaondoka akiamini amefunga mkataba na Mwami. Wajomba walibaki na karatasi iliyosema kwamba dola ya Ujerumani inamtambua mfalme wao. Waliipata kwa gharama ya igizo la siku moja.

Mwaka uliofuata ilikuja zamu ya Richard Kandt, tabibu kutoka Posen aliyekuwa akiitafuta chemchemi ya Nile. Kandt alikuwa ameshasikia njiani kwamba mfalme ni kijana. Alipoletewa mwanamume wa makamo aliona kwamba anachezewa, akakasirika, lakini hakuwa na jeshi la kugombana. Alihamia Shangi, karibu na pale alipofia Bisangwa, akajenga nyumba kando ya ziwa, akaanza kusikiliza. Februari 1900, Askofu Hirth wa Mapadri Weupe alipofika ikuluni Nyanza kuomba mahali pa misheni, Mpamarugamba alikalia tena kiti cha kuazima. Hirth alipewa Save, kusini. Mwaka 1901 ikaja Nyundo, juu ya Gisenyi, ambayo kengele zake ziko karibu nasi kuliko za parokia nyingi za Kongo.

Kuna jambo la kuchekesha hapa na sitaki kulipita. Kwa miaka mitatu Rwanda ilikuwa na wafalme wa aina tatu kwa wakati mmoja: mtoto aliyekuwa mfalme wa kweli na haonekani, mtu mzima aliyeonekana na si mfalme, na wajomba waliotawala bila kuwa wafalme wala kujifanya wafalme. Nchi iliendelea kulipa kodi zake, na wageni wenye elimu ya Ulaya, isipokuwa Kandt, wakaitikia kwa kichwa.

Adui wa Kabare akatoka nyumbani. Ruhinankiko, kaka yake, aliona kwamba sikio la dada linaweza kuwa na mnong'onezaji mmoja tu, akajitahidi awe yeye. Kwa miaka kadhaa ndiye aliyekuwa mkubwa, na Kabare akawekwa kando. Yeye hakupiga kelele. Alijikalia kwenye vilima vyake, akangoja Ruhinankiko azoeleke, achoshe, atengeneze maadui wa kutosha. Kijana Musinga alikuwa anakua na kukereka kuamuliwa kila kitu, na mjomba wa kumkasirikia alikuwa yule aliyekuwa karibu. Mambo yakageuka, Ruhinankiko akaporomoka, Kabare akarudi ikulu. Namna alivyorudi inanistaajabisha kuliko Rucunshu yenyewe. Kuua mfalme kunahitaji usiku mmoja na ujasiri, lakini kukaa kimya miaka ile yote bila kukosea ni kazi ya aina nyingine.

Hapo anampita Bagoas. Towashi alipomkosa Dario mara moja, mambo yakaisha siku hiyo hiyo, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na mtu. Kabare aliweza kuanguka na kuinuka kwa kuwa nyuma yake palikuwa na dada, ndugu, wapwa na watoto, wote wakila sahani moja. Rwidegembya, mpwa wake, alikuwa ameshakuwa na vilima vingi kuliko baba zake. Nguvu ya towashi hufa naye. Ile ya mjomba iligawanywa kama urithi wa ng'ombe.

Ila wajomba waliozijua hila zote za ikulu hawakuona kilichokuwa kinaandaliwa mbali. Mei 1910, Brussels, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikaa mezani na kuchora mpaka wa Kivu. Ijwi ikaenda Kongo. Ukingo wa kaskazini wa ziwa ukakatwa vipande viwili, Gisenyi ya Mjerumani, Goma ya Mbelgiji. Ikulu ya Nyanza haikuulizwa, wala bami wa upande wetu. Katindo hii tunayoishi, na kambi yake ya jeshi ambayo imewaona wakubwa wengi wakiingia na kutoka, mwaka 1996, 1998, 2012, 2025, ilipewa upande wake siku ile na watu ambao wengi wao hawakuwahi kulikanyaga jiwe la Nyiragongo.

Kabare alikufa mwaka 1911, kwa ugonjwa, mtu mzima, akiwa na cheo chake. Mwaka uliofuata kaskazini ya Rwanda iliwaka: alizuka kijana aitwaye Ndungutse aliyejitangaza kuwa mwana wa Rutarindwa aliyenusurika moto wa Rucunshu, na maelfu wakamfuata. Wajerumani wakamwua Aprili 1912. Miaka kumi na mitano baada ya nyumba ile kuungua, jina la aliyeungulia ndani lilikuwa bado linatosha kukusanya jeshi.

Karibu yote haya tunayajua kutokana na masimulizi ya ikulu, yaliyokusanywa na Padri Alexis Kagame na wengine, na baadaye yakachunguzwa upya na watafiti kama Mmarekani Alison Des Forges. Ikulu iliyosimulia ilikuwa ya Musinga na ya mwanawe Rudahigwa, yaani ya walioshinda. Ungetegemea wafiche. Hawakuficha, walijisifu. Lakini lawama wameigawa kwa namna yao: Kabare amebaki kuwa mwerevu, na dada yake amebaki kuwa muuaji. Ukimtaja Kanjogera leo, mtu wa kwanza atakuambia habari za upanga wake. Wagiriki walifanya hivyo hivyo. Sumu yote ya ikulu ya Uajemi, ambayo ilikuwa na wakuu na wana wa wafalme kila kona, waliimiminia kwa towashi na kwa wanawake wa ndani. Mimi simsafishi Kanjogera. Nasema tu kwamba mwanamke na mtu asiye na nguvu za kiume ni wepesi kubebeshwa dhambi ambazo wenye ndevu walizifanya pamoja nao.

Wabelgiji waliiteka Rwanda mwaka 1916, na polepole kazi ya wajomba ikahamia kwa watu wapya. Musinga alikuwa mtu mzima sasa, amechoka kuamuliwa, na hakutaka kubatizwa. Mwaka 1931 gavana Voisin na Askofu Léon Classe walikubaliana kwamba aondoke. Askofu huyu alikuwa nchini tangu mwanzo wa misheni, alizijua nyumba zote kubwa, na alikuwa na la kusema katika uteuzi wa machifu. Hakuwa na mke wala mtoto, kwa nadhiri. Yesu katika Injili ya Mathayo anawataja matowashi wa namna tatu, na wa tatu ni wale waliojifanya hivyo kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Sisemi kwamba Classe alikuwa Bagoas, hakumnywesha mtu kitu. Nasema kwamba Nyanza, ambayo haikuwahi kuwa na towashi, ilimpata mmoja mwaka ule, na kwamba hapakuwa na sababu yoyote ya kudhani angetaka kiti cha mfalme.

Novemba 1931 Musinga alivuliwa ufalme na kupelekwa Kamembe, ng'ambo ya Bukavu. Kanjogera alikwenda naye. Alifia huko mwaka 1933, mwanamke aliyekuwa na nchi mkononi miaka thelathini na mitano. Kitini akawekwa Rudahigwa, mwana wa Musinga, ambaye mama yake Kankazi alitoka nyumba ile ile ya Rwakagara. Kwa hiyo Wabelgiji, walipodhani wamewaondoa Wabega mlangoni, waliwarudisha kupitia dirishani. Mwaka 1940 Musinga akavushwa hadi Kongo, akapelekwa Moba kwenye Ziwa Tanganyika, na huko akafa mwaka 1944. Classe alifuata mwanzoni mwa 1945.

Rudahigwa alifia Usumbura tarehe 25 Julai 1959, muda mfupi baada ya kuchomwa sindano na daktari wa Kibelgiji. Serikali ilisema ni damu iliyovuja kichwani, na wengi hawakukubali. Hakuacha mtoto. Siku tatu baadaye, mazishini, Wabiru walimtangaza ndugu yake wa baba mmoja, Kigeli Ndahindurwa, aliyezaliwa Kamembe wakati baba yao yuko kifungoni. Huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Ufalme ulifutwa mwaka 1961, na Kigeli akafia Marekani Oktoba 2016.